Kitambaa cha Kichwa, Sare ya Kanisa na Mama Anayetuletea Chai

  

Kuna swali tumeulizwa mara nyingi mpaka tunaona aibu kuendelea kulikwepa: mwanamke Mkristo akienda kusali, ni lazima ajifunike kichwa? Wengi wanaouliza ni dada zetu wa Unguja na Pemba wanaohamia Dar. Nyumbani mwanamke akitoka bila kitu kichwani anahisi kuna kitu amesahau, awe Mkristo awe Muislamu. Sasa anavuka bahari, Jumapili ya kwanza anaingia kanisani, kushoto kwake kuna mama mwenye kilemba kirefu kama mnara, kulia kuna dada aliyesuka rasta zinafika mgongoni na hana hata leso, na mbele mwinjilisti mwanamke amenyoa kipara. Anabaki ameshika mtandio wake, hajui auvue au auache.

Sisi hatukusomea theolojia. Tuko wawili, ndugu wa tumbo moja, wazaliwa wa Unguja. Tulimaliza kidato cha nne, tukasoma kozi ya ushonaji, na leo tuna fremu yetu Kariakoo. Lakini nguo za kanisa tunazishona kwa wingi: majoho ya kwaya, magauni ya ubatizo, sare za akina mama. Na mtu anayepimwa nguo huongea. Kuna mambo tumeyasikia tukiwa na futi shingoni ambayo mchungaji wake hajawahi kuyasikia. Basi tukaona tukae na Biblia yetu usiku, tukishafunga hesabu, tusome wenyewe.

Habari yenyewe iko kwenye waraka wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya 11. Paulo anaongea kwa ukali: mwanamke anayesali au kutoa unabii huku kichwa kiko wazi anajiaibisha, ni kama amenyolewa. Hapo ndipo wahubiri wengi hukaza sauti. Ila tuliposoma polepole tuliona jambo ambalo hatukuwahi kuambiwa. Paulo anachukulia kwamba wanawake wanasali na kutoa unabii mbele ya watu. Hajawanyamazisha pale. Anachozungumzia ni wameonekanaje wakati wakifanya hivyo. Halafu mstari wa 4 unamkataza mwanaume kufunika kichwa anaposali, na hapo tulicheka sana, maana tumeshashuhudia maaskofu wakiingia na zile kofia zao ndefu na hakuna aliyewasomea mstari huo! Na ukifika mstari wa 16 Paulo mwenyewe anafunga mjadala kwa kusema kama kuna mtu anataka ubishi, basi, desturi ya makanisa ni hiyo. Ameiita desturi.

Desturi zimebadilika. Wakatoliki walikuwa na sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliyowataka wanawake wafunike vichwa kanisani. Sheria mpya ya mwaka 1983 haikulirudia agizo hilo, na ndiyo maana mama zetu wanazikumbuka zile shela na binti zao hawazijui. Walutheri wa hapa mjini kila mtu anavyopenda. Wapentekoste inategemea umeingia kwa nani. Kuna kanisa utapewa kitambaa mlangoni, na kanisa la pili, mtaa huohuo, wanakuona umetoka kwa washamba.

Kwetu sisi kuna historia nyingine, nayo ndiyo tunayotaka dada wa visiwani waijue kabla hawajavua mtandio kwa kuona haya za mjini. Bibi yetu alikuwa Mwanglikana wa Mkunazini. Asingeingia kanisani bila kanga kichwani, hata awe mgonjwa. Tukiwa wadogo tulidhani ni kuwaiga Waislamu. Kumbe sivyo. Kanisa la Mkunazini lilianza kujengwa mwaka 1873, mwaka uleule soko la watumwa lilipofungwa, na Askofu Edward Steere alilijenga palepale sokoni. Walioanza kusali kule wengi walikuwa watu waliotolewa utumwani. Mwanahistoria wa Marekani, Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu Zanzibar, ameeleza jinsi watumwa walivyovaa: merikani nyeupe ya bei rahisi, au kaniki iliyotiwa rangi ya buluu iliyoiva, miguu peku, kichwa wazi. Kujifunika kichwa ilikuwa alama ya mwungwana. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, wanawake walioachiwa huru walikimbilia kanga, ukaya na buibui. Walikuwa wanavaa uhuru wao.

Kwa hiyo bibi alipofunga kanga yake akaenda mbele za Mungu, hakuwa anajishusha. Alikuwa anasema yeye si mali ya mtu. Na inawezekana hata Korintho ilikuwa hivyo, maana katika miji ya Warumi mke wa heshima alijulikana kwa shela yake. Basi jibu letu kwa swali mlilouliza ni fupi: kama kichwa chako kimezoea kitambaa na moyo wako unatulia nacho, kiache, usikivue kwa sababu ya macho ya watu wa Dar. Na aliye kichwa wazi pembeni yako mwache asali.

Tungeishia hapo tukawatakia Jumapili njema. Tatizo ni kwamba mdogo kati yetu hakufunga Biblia, aliendelea kusoma chini.

Sura ya 11 haiishii kwenye vichwa vya wanawake. Kuanzia mstari wa 17 Paulo anageuka, na ukali wake unazidi ule wa mwanzo. Anawaambia Wakorintho kwamba mikutano yao inaleta hasara kuliko faida. Kwa nini? Walikuwa wanakutana nyumbani kwa mtu, wanakula chakula cha jioni, ndani yake wanaadhimisha Meza ya Bwana. Wenye nafasi walifika mapema na vyakula vyao wakala. Waliotoka kwenye kazi za watu, na watumwa ambao hawakuwa na saa yao wenyewe, walifika wamechoka wakakuta sahani zimefutwa. Mmoja ana njaa, mwingine ameshalewa. Paulo anawauliza kama hawana nyumba za kulia, au kama wameamua kulidharau kanisa la Mungu na kuwatia haya wasio na kitu. Dawa anayotoa mwishoni ni ndogo mpaka unashangaa: mkikutana, mngojane.

Sura ileile, dada zetu. Nusu ya juu tumehubiriwa tangu tunavaa magauni ya marinda. Nusu ya chini husomwa siku ya Chakula cha Bwana, lakini msomaji huanzia mstari wa 23, pale penye mkate. Mistari ya 17 mpaka 22 inarukwa kama shimo la barabarani.

Mkubwa wetu alisikiliza, akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Mama wa chai."

Ngoja tueleze.

Kuna mama anatuletea chai asubuhi na saa kumi jioni. Ana chupa mbili kubwa na ndoo ya chapati, anapita fremu kwa fremu. Kikombe 500, chapati 500. Ni mjane, ana binti wa sekondari. Anasali kanisa moja hapa mjini ambalo hatutalitaja, na akina mama wa kanisa hilo walikuwa wateja wetu wakubwa. Kila mwaka wanakuwa na Jumapili yao, na kila mwaka kuna sare mpya. Ya mwaka jana haivaliwi tena, maana imeshaonekana.

Kwa asiyejua biashara hii, sare ya kanisa inakwenda hivi. Mama Mwenyekiti na kamati yake wanakuja Mtaa wa Uhuru kuchagua kitenge kwenye maduka ya jumla. Wakishakubaliana, picha inarushwa kwenye kikundi cha WhatsApp pamoja na bei na tarehe ya mwisho. Mara ile kitenge cha yadi sita kilikuwa 28,000, mshono wetu 30,000, na mchango wa chakula cha siku hiyo 15,000. Jumla 73,000. Majina ya waliolipa yanaandikwa kwenye kikundi kila jioni, na alama ya tiki ya kijani mbele ya jina. Asiye na tiki kila mtu anamwona. Sisi tunaletewa majora na orodha, tunapima, tunakata, tunaita mafundi wa kibarua watusaidie usiku na mchana. Wanawake 70 kwa 30,000 ni milioni mbili na laki moja. Kariakoo mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, kwa hiyo tenda moja ya namna hiyo inatufanya tulale usingizi. Hatuandiki haya kama watu wa pembeni. Sare za kanisa ndizo zimetununulia ovaloki yetu.

73,000 kwa mama wa chai ni vikombe 146, kabla hajatoa sukari, mkaa na majani.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe alikuja na mfuko wa rambo. Ndani kulikuwa na kitenge alichokinunua kwa machinga Mtaa wa Congo kwa 12,000, ua lilelile, ila ni kopi, buluu yake imeegemea kijani. Akatandaza juu ya meza ya kukatia. "Wanangu, mkinishonea mshono uleule, nani ataona?" Alikuwa na 10,000 ya kuanzia, nyingine tungekuwa tunakata kwenye chai.

Tungeweza kusema ndiyo. Tulisema tutamuuliza Mama Mwenyekiti. Mama Mwenyekiti akajibu kwa sauti ya upole kabisa kwamba haiwezekani, mpiga picha amelipwa, rangi itaharibu mpangilio, na mkimruhusu mmoja mwaka kesho watakuja kumi. Tukamrudishia mama wa chai jibu hilo kama lilivyo. Hakugombana. Akasema, "Basi kaeni nacho," akachukua vikombe vyake akaenda.

Jumapili tulikwenda. Tulialikwa, na Mama Mwenyekiti alikuwa ametupa vipande viwili vya kitenge bure, zawadi ya mafundi. Kwa hiyo tulikaa mstari wa tatu kutoka mbele, tumevaa sare ya kanisa ambalo si letu, hatukulipia hata senti. Ilipendeza, hatutadanganya. Wanawake 70 wakiingia kwa maandamano, kilemba cha kila mmoja kimekaa sawa, utafikiri bahari inaingia kanisani. Mama wa chai tulimwona tulipogeuka. Alikuwa mlangoni na kanga yake safi, amejifunika kichwa vizuri tu kama Paulo alivyotaka. Mhudumu, kijana mwenye adabu, akamwonyesha kwa mkono viti vya nje chini ya turubai, kwa sababu viti vya ndani upande wa akina mama vilikuwa vya wenye sare. Akaenda akakaa. Wakati wa sadaka aliingia na wenzake wa nje, akapita mbele, akatoa, akatoka. Baada ya hapo hatukumwona.

Jumatatu alikuja na chai saa mbili kama kawaida. "Jana mlipendeza," akasema. Hakuongeza neno.

Yakobo, sura ya 2, anazungumzia kisa hichohicho. Anaingia mtu mwenye pete ya dhahabu na mavazi mazuri, mnampa kiti. Anaingia maskini na nguo chakavu, mnamwambia simama pale au kaa chini. Tumesoma mistari hiyo tangu shule ya Jumapili na siku zote tulijiweka upande wa yule maskini. Hatukuwahi kufikiri kwamba katika kisa kile kuna mtu aliyeshona yale mavazi mazuri.

Kuna fundi mwenzetu mmoja kwenye Biblia: Dorkasi wa Yafa, Matendo 9. Alipokufa, wajane walimzunguka Petro wakilia, wakimwonyesha kanzu na nguo alizowashonea. Kariakoo na Ilala utakuta fremu za ushonaji zimepewa jina lake. Sisi tulijiuliza, tukifa leo mama wa chai atamwonyesha Petro nini? Mfuko wa rambo ulikuwa bado rafuni kwetu, kitenge hakijaguswa na mkasi.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi sare ni dhambi. Mama Mwenyekiti ana hoja, na tulikaa naye baadaye akatueleza. Zamani, alisema, akina mama walikuwa wanakuja kanisani kushindana. Mke wa mkurugenzi leo lesi ya Dubai, kesho hariri, na wa chini anajificha nyuma. Sare ndiyo iliyowakalisha kiti kimoja. Ukiwaona wote kwenye kitenge kimoja huwezi kumjua mwenye gari na aliyekuja na daladala. Na hilo ni kweli, tumeliona kwa macho. Mwangalieni mama wa WAWATA akizikwa, wenzake wa Umoja wa Wanawake Wakatoliki walivyosimama pande zote mbili za jeneza na vitenge vyao. Umoja ule ulianza mwaka 1972, na kuna bibi ambaye ndugu zake wa damu walishamsahau lakini wenzake wa kitenge wakamsindikiza mpaka kaburini. Hata Paulo, anapowaambia wanawake katika 1 Timotheo 2:9 wajipambe kwa adabu, tumezoea kulisoma kama katazo la kusuka nywele, na orodha yake inaishia kwenye dhahabu, lulu na nguo za thamani. Shida yake ilikuwa gharama. Sare ikishusha gharama inamtii Paulo.

Lakini ikifika 73,000 na tiki ya kijani, imegeuka kuwa kilekile ilichokuja kukiondoa. Zamani maskini alikuwa anakaa nyuma kwa kujificha. Sasa anakalishwa nje na mhudumu.

Tulikumbuka pia Jumapili nyingine. Tarehe 16 Novemba 2024, Jumamosi asubuhi, ghorofa lilianguka hapa Kariakoo, na watu wetu walikuwa chini. Sisi tulifunga, tukashinda tukipeleka maji na kupiga simu. Kesho yake tulikwenda kusali na nguo tulizoshinda nazo, zina vumbi la saruji kwenye pindo. Kanisa zima lilikuwa hivyo: kanga, dera, jezi ya mpira, mtu na ndala. Hakuna aliyemwangalia mwenzake amevaa nini, kila mtu alikuwa anamwangalia mwenzake kama yupo. Hatusemi tusubiri msiba ndipo tusali vizuri. Tunasema tulisali siku ile bila kumhesabu mtu nguo, na ibada haikupungua kitu.

Mwaka uliofuata kamati ikarudi na tenda. Tukawaomba mambo matatu. Kwanza majina yasiandikwe kwenye kikundi, kila mtu alipe kwenye simu ya mweka hazina na yeye anyamaze. Pili mfuko wa akina mama ununue vipande vya wasioweza, nasi mshono wa hao tutafanya bure mpaka watu saba. Tatu, hatutakata kitambaa cha mtu wa kwanza mpaka wa mwisho awe na chake. Hilo la tatu tulilitoa kwenye kungojana kwa Paulo na tuliwaambia wazi.

Mama Mwenyekiti alitusikiliza. Akasema atarudi na jibu. Siku tatu baadaye tulisikia kitambaa kimepelekwa kwa fundi mwingine, mitaa miwili kutoka kwetu. Hatumlaumu fundi yule, ana kodi kama sisi. Msimu ule tulikopa kwenye kikoba ili tulipe ya kwetu, na kuna usiku tulilaumiana wenyewe kwa wenyewe, mmoja wetu akisema tumejifanya watakatifu kwa hela ambayo hatuna. Aliyesema hivyo bado anaona alikuwa na haki ya kusema.

Kilichotokea baadaye hatukukitegemea. Akina mama wa kanisa dogo la Unguja walitupigia simu wanataka sare za Pasaka, lakini uwezo wao mdogo na wengine ni wauza mboga Darajani. Tukawaambia wasinunue kitenge. Kila mmoja avae gauni lake alilo nalo, lolote, na sisi tuwashonee mitandio meupe yenye pindo la uzi wa zambarau, 4,000 kila mmoja, wenye nacho wawalipie wawili. Walibishana wiki nzima. Mmoja akasema weupe ule watafanana na wafiwa. Mwingine akauliza picha zitatokaje. Mwisho wakakubali, mitandio 38. Faida yake haikutosha hata nauli ya boti ya kuipeleka, tuliituma na mtu. Ile Pasaka walitutumia picha: kuna gauni la maua, kuna dera, kuna sketi ya kazini, kuna bibi mmoja na kanga ya zamani sana, na juu yao wote kile kitambaa kimoja cheupe.

Tuliiangalia ile picha, tukakumbuka kwamba safari yetu yote ilianza na swali la kitambaa cha kichwa.

Kitenge cha mama wa chai tulikishona. Tulichukua miezi mitano kupata ujasiri. Tulimwambia tumekikata kwa kukadiria, akakijaribu nyuma ya pazia, kiuno kilikuwa kimebana, tukamfungulia. Hakusema asante kubwa, wala hatukustahili. Anakivaa siku za kawaida, kwenye chai. Kanisani kule hajarudi. Siku hizi anasali na majirani wachache, jioni, kibarazani kwa mmoja wao, na anasema pale wanaanza wakishafika wote.

Kabla ya kuandika haya tulimwomba ruhusa. Alikuwa anamimina, akafikiri mpaka kikombe kikajaa. Akasema andikeni, ila jina langu msiliweke, na muandike pia kwamba mna deni la chai tangu Alhamisi.

Ni kweli. Vikombe vitano na chapati mbili, 3,500.